Kiuno si Figo

(Maneno ya mtaalamu wa fiziotherapia mbele ya wabeba mizigo, madereva wa bodaboda na mama lishe wa soko moja la jumla jijini Dar es Salaam, Siku ya Fiziotherapia Duniani, 8 Septemba)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo? Mama zangu wa jikoni nawaona mmeacha masufuria motoni kwa ajili yangu, kwa hiyo wali ukiungua deni ni langu.

Naomba wanyooshe mkono wale ambao kiuno kimewahi kuwakamata mpaka kuvaa viatu ikawa kazi. Ahaa. Karibu wote. Sasa abaki na mkono juu yule aliyeambiwa, na mtu yeyote yule, kwamba hizo ni figo. Mikono bado mingi. Na walioambiwa ni ngiri? Mzee wangu kule nyuma ameinua yote miwili. (Kicheko.) Shusheni, nimeshapata jibu langu.

Figo, ndugu zangu, zimekaa juu kuliko mnavyodhani. Shikeni ubavu wa mwisho kabisa kwa nyuma. Ziko hapo, moja huku, moja kule. Lakini mgonjwa anaingia kwangu kashika pale mkanda wa suruali unapokaa, ananiambia, "Dokta, figo zinanimaliza." Tena figo ikiugua haina habari na wewe kama umekaa au umeinama. Inauma tu, na mara nyingi inakuja na homa, kichefuchefu, au mkojo kubadilika. Kiuno cha mizigo kina tabia zake. Ukiinama kinapanda, ukitembea kidogo kinalegea, ukikaa kwenye pikipiki saa nzima ukashuka, unashuka kama babu. Maumivu yanayofuata namna unavyojikunja ni ya misuli, ya viungo vya mgongo na ya diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili na pingili.

Kinachonisikitisha ni hiki. Mtu anaogopa figo, anakwenda duka la dawa, anapewa diklofenaki. Ameona nafuu. Kesho anarudi, kesho kutwa anarudi, mwaka unakatika anameza kila asubuhi kabla gari la Lushoto halijafunguliwa turubai. Dawa hiyo ikinywewa kila siku bila kusimamiwa inachubua tumbo, na inaziumiza hizo hizo figo. Alikimbia ugonjwa ambao hakuwa nao, na sasa anautafuta kwa fedha yake.

Hampo peke yenu, hilo mlijue. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, yaani mmoja katika kila watu 13 duniani, na wanakadiriwa kufika milioni 843 ifikapo 2050. Katika wote hao, kama tisa kwa kumi, ukitafuta jeraha moja la kuliwekea kidole ukasema "ni hili", hulipati. Si kwamba wanajisingizia. Mgongo wao unauma kweli, ila hakuna kilichovunjika.

Hapa ndipo picha zinapotuharibia watu. Kijana wa miaka 28 amekopa, amepiga picha ya MRI, kaandikiwa karatasi imejaa maneno, na mtu fulani kamtafsiria kwa sentensi moja: pingili zimesagika. Basi. Tangu siku hiyo hainami, hacheki kwa nguvu, hata kitandani kwake kuna matatizo ambayo sitayataja mbele ya wazee. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu ambao hawaumwi mgongo hata kidogo. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa, na asilimia 30 walikuwa na diski zilizotuna. Kwa wenye miaka 80, diski zilizochakaa zilikuwa kwa watu 96 katika kila 100. Narudia: watu hawa hawaumwi. Tazameni viganja vyenu. Hizo sugu, mtu wa ofisini akiziona kwenye picha atasema mkono umeharibika. Ninyi mnajua huo ni mkono uliozoea kazi. Mgongo nao una sugu zake.

Sisemi picha haina kazi. Nitazirudia baadaye zile siku ambazo picha ni lazima, na siku hizo msisubiri hata jioni. Ninachosema ni kwamba picha isiposema sawa na mwili wako, sikiliza mwili.

Nami nilikuwa mgonjwa. Niliposoma mwaka wa pili nilimnyanyua mzee mmoja kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, nikajipinda, nikasikia kitu kama mtu kanichoma na pasi. Hospitali moja ya mkoa, siitaji, mkubwa mmoja aliyenipenda kweli aliniambia nilale juu ya ubao, wiki mbili, na nikiamka nifunge mkanda. Nikalala. Siku ya kumi nilikuwa siwezi kujigeuza bila kushika ukuta, na nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba mgongo wangu ni wa kioo. Ndipo mwalimu wangu akaja, akaniuliza, "Nani amekufa humu ndani?" Akanivua mkanda, akanitembeza mpaka kwenye mwembe na kurudi. Nililia njia nzima. Kesho yake tukafika mwembe na nusu.

Baadaye ndipo nikajua kwamba Wafini walikwisha kulipima jambo hilo. Mwaka 1995 walitoa matokeo ya wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki ambao migongo ilikuwa imewakamata karibuni. Kundi moja lililala siku mbili, jingine lilifanya mazoezi ya kuchezesha mgongo, la tatu likaambiwa endeleeni na shughuli zenu kadiri mnavyoweza kuvumilia. La tatu lilipona haraka kuliko yote, na la kitanda likaburuta mkia. Kwa hiyo yale mambo ya ubao, wazee wangu, yapelekeni kwa fundi seremala.

Sasa niseme fiziotherapia ya mgongo ni nini, maana wengi mnadhani ni kuchuliwa. Kuchuliwa ni kuzuri, nani hapendi? Lakini mafuta ya kuchua yanakupa jioni moja tu. Wengine mnadhani ni mashine, kwamba nitakulaza, nikubandike nyaya, usikie sisimizi, ulipe. Mtaalamu aliyebobea kwenye mgongo na shingo anatumia muda mrefu kukuuliza kuliko kukushika. Kimeanza lini, ulikuwa unafanya nini, maumivu yanafika wapi, asubuhi yakoje, ukikohoa je. Kisha anakupinda: mbele, nyuma, kushoto, kulia, mara moja, halafu mara kumi. Anatazama jambo moja, maumivu yanahamia wapi.

Hilo la kuhama tulifundishwa na ajali. Mwaka 1956 kule New Zealand, mtaalamu wa fiziotherapia aitwaye Robin McKenzie alikuwa na mgonjwa ambaye wiki tatu nzima maumivu yalikuwa yakishuka kutoka kiunoni mpaka mguuni, na kujinyoosha hawezi. Akamwambia aingie chumbani alale kifudifudi, anakuja. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwa kwa ajili ya mgonjwa aliyetangulia, na yule bwana akalala hivyo hivyo, tumbo chini, kifua juu, mgongo umepinda kinyumenyume kama mjusi ukutani. McKenzie alichelewa. Alipoingia alishtuka, kwa sababu enzi hizo mkao ule ulihesabiwa kuwa wa hatari. Akamuuliza hali. Mtu akajibu kwamba hajajisikia vizuri hivyo kwa wiki tatu, na mguu umeacha kuuma. Daktari mwingine angemwomba radhi na kukirekebisha kitanda. Yeye alikaa akafikiri, na alifikiri maisha yake yote mpaka alipofariki mwaka 2013.

Ngoja niwaonyeshe. Wewe kijana wa fulana ya Simba, uliyesema mguu unavuta, njoo. Wa Yanga mtanisamehe, zamu yenu inakuja. Vua viatu. Kabla hujalala niambie, maumivu yameishia wapi sasa hivi? Kwenye shavu la mguu. Weka kidole hapo, wenzako waone. Vizuri. Unasikia ganzi huko chini ya kiuno unapokaa? Hapana. Mkojo unatoka kama kawaida? Haya, lala kifudifudi kwenye mkeka. Viganja chini ya mabega, kama unataka kupiga pushapu. Sasa sukuma kifua juu, lakini kiuno kiache kilegee, kibaki chini kama gunia lililomwagwa. Usibane makalio. Teremka. Tena. Pumua, usinizimie hapa. Tatu. Nne…

Kumi. Simama taratibu. Kidole kiko wapi sasa? (Anaonyesha nyuma ya paja. Watu wanapiga makofi.) Na kiuno? Kimeongezeka kidogo. Mmesikia? Mtu mwingine hapo angesema dokta ameniumiza, kiuno kimezidi. Lakini maumivu yakiondoka mguuni yakapanda kurudi kiunoni, hata kama kiunoni yamekaza zaidi kidogo, hizo ni habari njema. Yakishuka kutoka kiunoni kwenda mguuni, acha papo hapo, hiyo si njia yako. Kijana, utakuja nikupime vizuri, hii ya mbele za watu haitoshi.

Na tafadhali msiende nyumbani mkawalaza wazazi wenu kifudifudi kwa sababu mmeniona. Kila mgongo una upande wake. Mzee wetu mmoja hapa, mwenye miaka yake 70, akitembea mikono mitupu anafika hatua mia moja, miguu inakuwa mizito kama imefungwa mawe, anatafuta pa kukaa. Lakini mpe toroli alisukume, amejiinamia, anazunguka soko zima. Watu walisema mzee mvivu, mzigo anauweza ila kutembea hawezi! Mzee si mvivu. Njia inayopita mishipa ya fahamu ndani ya mgongo wake imekuwa nyembamba, na akijinyoosha inabanwa zaidi, akiinama inapanuka. Huyo ukimpa zoezi la kijana wa Simba unamtesa. Yeye nampa kukumbatia magoti kitandani, na baiskeli. Ndiyo maana nasema upimwe kwanza, na ndiyo maana kipande cha video cha kwenye simu, alichotumiwa shemeji yako na mtu asiyemjua, si tiba yako.

Shingo. Bodaboda mpo? Kichwa cha mtu mzima kina kilo nne mpaka tano, na wewe unakipeleka mbele kutwa nzima, kidevu kimetangulia kama jogoo, na ukipaki unainamia simu. Zoezi la shingo halina mbwembwe. Kaa wima, rudisha kidevu nyuma moja kwa moja kama mtoto anayekataa kijiko cha dawa, usiinamishe uso. Mara kumi, kila unaposubiri abiria. Likikuletea ganzi mkononi, acha uje nikuone.

Na hili la vinyozi lazima niliseme hata kama wengine wamo humu. Umenyolewa, umepakwa spiriti, umekandwa mabega, umesinzia, halafu kinyozi anakushika kidevu na kisogo: ka! Upande wa pili: ka! Mnapenda huo mlio. Kuna mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo, na njiani inapita ndani ya vitundu vya pingili za shingo zenyewe. Kuipinda shingo ghafla kwa nguvu kunaweza kuuchana mshipa mmoja, na mtu akapata kiharusi. Haitokei kila siku. Lakini mtaalamu anayeigeuza shingo anauliza maswali kwanza, anapima presha, na mara nyingi anaamua kutoigeuza. Kinyozi ameuliza nini? Ameuliza nywele tuzipunguze vipi.

Sasa mizigo, maana nikiongea mazoezi tu nikaacha magunia nitakuwa nimewadanganya. Sheria ya vipimo hapa nchini inataka furushi la mazao lisizidi kilo 100. Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka 1967 lilipendekeza kwamba mtu mzima mwanamume asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Na ninyi mnabeba lumbesa. Gunia limejazwa, limewekwa kilemba juu, kimeshonwa kwa kamba, halafu mnaniuliza zoezi la kiuno. Zoezi la kwanza la kiuno ni kwa mwenye mzigo. Nimewaona viongozi wa soko wamekaa mbele, wananitazama sana, nami nawatazama.

Hilo likisubiri, yapo mnayoweza wenyewe leo usiku. Diski ya mgongo inanyonya maji unapolala. Ndiyo maana asubuhi kila mtu ni mrefu kidogo, sentimita moja au karibu mbili kuliko jioni. Diski iliyojaa hivyo haipendi kukunjwa kwa nguvu. Ninyi gari linaingia saa tisa usiku, mtu analala juu ya viroba, anaitwa, anaruka, anainamia gunia na usingizi machoni. Jipeni robo saa. Tembea, nenda chooni, kunywa chai, zunguka gari. Anza na vitenga vya nyanya, vitunguu baadaye. Na mzigo ukae kifuani au begani, ugande kwako. Gunia hilohilo ukilishika mbali na mwili linazidi uzito mara kadhaa kwenye kiuno.

Mama zangu, ninyi kubeba kichwani mmesifiwa mpaka kwenye majarida. Mwaka 1986 ilichapishwa kazi iliyofanyika Kenya na akina mama wa Kijaluo na Kikuyu, ikaonekana wanabeba kichwani mpaka asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Ajabu kabisa. Lakini pigeni hesabu: mama wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 imeshapita. Na ufagio wa chelewa usio na mpini, mnafagia eneo zima mmejikunja kama kijiko, kila alfajiri, saa ile ile diski imejaa. Fungeni mpini mrefu. Kule California jembe la mpini mfupi lilipigwa marufuku mashambani mwaka 1975 kwa sababu ya migongo ya vibarua. Sisi hata fimbo ya kufungia ufagio hatutafuti.

Washona nguo, wenye maduka, makarani wa mizani, ninyi mnaokaa, dawa yenu ni miguu. Mwaka 2024 Waaustralia walitoa matokeo ya watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Nusu walielekezwa na mtaalamu namna ya kutembea, wakaongeza kidogo kidogo kufikia nusu saa, siku tano kwa wiki. Kwa hao, siku 208 zilipita kabla kiuno hakijarudi. Kwa wenzao, 112. Wabeba mizigo msinicheke, najua ninyi mnatembea kutwa. Hawa wanasogea kutoka kiti kwenda kiti.

Mkanda? Ameuliza nani? Shirika la Afya Duniani, mwongozo wake wa Desemba 2023, halipendekezi mikanda kwa maumivu sugu ya kiuno, wala kuvutwa na mashine. Kama umeuzoea, tutauacha pole pole. Usiutupe leo halafu kesho ukapandishe viazi.

Nilisema nitarudi kwenye siku za hatari. Ukipata ganzi sehemu zote zinazogusa tandiko la pikipiki, au mkojo umegoma, au haja inatoka bila habari, au miguu yote miwili inaishiwa nguvu, usije kwangu. Nenda hospitali kubwa saa hiyo hiyo, usiku wa manane, bodaboda wapo. Mishipa ya fahamu imebanwa na wapasuaji wanahesabu saa. Ukianguka na pikipiki shingo ikauma, usikubali kunyanyuliwa kwa kwapa kama mlevi. Na kiuno kinachouma usiku na mchana bila kujali mkao, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku, nguo kupwaya, hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo, ambacho kwetu bado kipo na kinatibika kwa vidonge kikiwahiwa. Mnaokunywa maziwa mabichi kutoka kwa wafugaji, iko homa yake nayo inaingia kwenye pingili, chemsheni. Wazee wa kiume mliopita 50, kiuno kipya kisicho na sababu na mkojo wa kukatika katika, mkapime tezi dume kabla hamjaja kunyooshwa na mimi.

Nimemaliza maneno, naona gari la Ilula linarudi kinyumenyume. Nipo hapa chini ya turubai mpaka saa sita mchana, mkeka ni mmoja, kwa hiyo panga mstari. Kijana wa Simba umeshaanza, kaa hapo. Mzee wa mikono miwili, njoo wewe. Na hilo toroli, njoo nalo.